Red Auerbach: Mwalimu Aliyechagua wa Mwisho

Kila mwaka sisi wa Elimu tuna ugonjwa wetu. Orodha ya mazoezi ya kufundisha ikishabandikwa, watu wanasukumana kuona wamepangiwa wapi. Aliyepata shule kubwa ya mjini anaondoka pale kifua mbele. Aliyepata shule ya kata, tena ile ambayo basi linafika mara moja kwa siku, anaanza kumtafuta mjomba wa kumbadilishia. Mimi mwaka jana nilikuwa kundi la pili. Mjomba sikumpata, nikaenda.

Ukituuliza kwa nini tunazikimbia shule zile, hatusemi habari ya basi wala umeme. Tunasema wanafunzi wazuri wameshachukuliwa. Matokeo ya darasa la saba yakitoka, wenye alama za juu kabisa wanapelekwa Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala na nyingine za aina hiyo, halafu waliobaki ndio wetu. Mwalimu wa shule ya kata ni mtu wa kuchagua wa mwisho. Sasa mtu anayechagua wa mwisho atashindaje?

Swali hilo limenifanya niandike habari za mtu ambaye hakuwahi kukanyaga shule ya kata. Jina lake ni Arnold Auerbach, na kwa sababu ya nywele zake nyekundu dunia nzima ilimwita Red. Wapenzi wa mpira wa kikapu wanamfahamu: kocha wa Boston Celtics, mfupi, mwenye makelele, aliyewasha sigara nene pale kwenye benchi akiona mechi imeshakwisha hata kama saa bado inakimbia. Jambo ambalo wengi wetu hatulijui ni kwamba huyu bwana alisomea ualimu na akaufanya. Ukiyafuata maisha yake utaona kama mimi nilivyoona, kwamba hakuuacha hata siku moja.

Kijana wa dobi

Alizaliwa tarehe 20 Septemba 1917 huko Brooklyn, New York. Baba yake, Hyman, alikuwa Myahudi aliyehama kutoka Minsk akiwa bado kijana mdogo, akafika Marekani hana kitu. Baadaye mzee alifungua biashara ya udobi, na Red alikua akimsaidia kupiga pasi nguo za watu. Hakuwa mrefu. Kwenye mtaa ule mchezo wa bei nafuu ulikuwa kikapu, maana ulihitaji mpira mmoja na ukuta wa kutundika ringi, basi akaupenda huo.

Kikapu ndicho kilichompeleka chuo. Alipata ufadhili wa kwenda Chuo Kikuu cha George Washington, mjini Washington, na hapo akakutana na kocha aliyeitwa Bill Reinhart. Lishike jina hilo, litarudi. Reinhart alifundisha mchezo wa kasi: ukiupata mpira kwenye ringi yako, usikae nao, utupe mbele, kila mtu akimbie kabla wapinzani hawajajipanga. Wakati ule timu nyingi zilitembea. Kijana wa dobi alikaa akaangalia, akaelewa kwamba kasi inaanza na yule anayeudaka mpira, halafu ndiyo inamfikia anayefunga.

Alipata shahada ya kwanza mwaka 1940, na 1941 akapata ya uzamili katika elimu ya viungo. Mwaka huohuo alimwoa Dorothy Lewis. Akaanza kazi ya kufundisha, kwanza katika shule ya St. Albans, kisha Theodore Roosevelt High School, zote za hapo Washington. Alifundisha darasani na kunoa timu, kama mwalimu yeyote wa michezo unayemjua, yule mwenye filimbi shingoni na vipindi vingi kuliko mshahara. Vita vilipokuja akaingia jeshi la majini mwaka 1943, na huko pia kazi yake ilikuwa kuwachezesha askari.

Mwaka 1946 wenye kumbi kubwa za michezo walianzisha ligi mpya ya kulipwa, ambayo baadaye ikawa NBA. Auerbach alikuwa na umri wa miaka 28, hana jina. Akaenda kwa mwenye timu ya Washington Capitols akajinadi, na akapewa kazi. Alikusanya vijana aliowaona akiwa jeshini, na msimu wa kwanza wakashinda mechi 49, wakapoteza 11. Ila ubingwa haukuja. Baada ya misimu mitatu akaondoka, akapita kwa muda mfupi katika timu ya Tri-Cities Blackhawks, na huko akagombana na mwenye timu, Ben Kerner, kwa sababu Kerner aliuza mchezaji bila kumshirikisha. Auerbach aliacha kazi. Kuanzia hapo hakutaka tena kuwa kocha wa watu waliochaguliwa na mtu mwingine.

Nafasi ya kwanza, kosa la kwanza

Mwaka 1950 alichukuliwa na Walter Brown, mwenye Boston Celtics. Timu ilikuwa hoi. Msimu uliotangulia ilishinda mechi 22 tu na kupoteza 46, na Brown alikuwa anapoteza fedha.

Hapa nieleze drafti, kwa wasioijua. Kila mwaka timu za ligi zinapanga foleni kuchagua vijana wanaotoka vyuoni. Wakati ule iliyofanya vibaya ilisimama mbele, iliyofanya vizuri ilisimama nyuma, ili mwenye nguvu asizidi kulimbikiza nguvu. Kijana akishachaguliwa na timu, timu nyingine hazina ruhusa ya kumgusa. Mwenye kombe, kwa hiyo, anakula makombo. Ni kinyume kabisa na utaratibu wetu wa kidato cha kwanza, ambapo shule yenye sifa ndiyo inayosimama mbele.

Mwaka ule wa 1950 Celtics walisimama mbele kabisa. Mashabiki wote wa Boston walimtaka Bob Cousy, kijana wa chuo cha Holy Cross, jirani hapo hapo Massachusetts, mchezeshaji aliyekuwa akipiga pasi nyuma ya mgongo na watu wanasimama kwenye viti. Auerbach akakataa. Aliona madoido. Akamchagua mtu mrefu aitwaye Chuck Share, ambaye hakuja kuichezea Celtics hata mechi moja.

Cousy alichukuliwa na timu nyingine, akahamishiwa nyingine tena, na hiyo ikafa kabla msimu haujaanza. Wachezaji wake watatu wa maana wakabaki bila timu, na timu tatu zikashindwa kuelewana nani amchukue nani. Ikabidi majina yatiwe kwenye kofia. Boston ilipozamisha mkono ikatoka na Cousy, yule ambaye hakuna aliyemwombea. Kwa bahati ya kofia, Celtics walimpata mtu atakayekuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 1957 na bingwa mara sita.

Kosa lile nalipenda kuliko ushindi wake mwingi, kwa jinsi alivyolibeba. Hakumwadhibu Cousy kwa kuthibitisha kwamba mwalimu alikosea. Mwanzoni pasi za Cousy zilikuwa zinawagonga wenzake usoni maana hawakuzitarajia, na kocha akamweleza kwamba pasi nzuri ni ile inayodakwa. Hakumnyang'anya kipaji chake, alikipa kazi. Kule kwa Chuck Share nako aliokoa kitu: haki za kumsajili alizibadilishana na Fort Wayne, na katika mabadilishano hayo akampata Bill Sharman, mfungaji aliyekuwa akifanya mazoezi ya kurusha kama mtu anayesali sala tano.

Drafti ileile ilikuwa na jambo kubwa zaidi. Katika raundi ya pili Walter Brown, akiwa na Auerbach pembeni, alitangaza jina la Chuck Cooper wa Chuo Kikuu cha Duquesne. Cooper alikuwa mweusi. Ligi ile haikuwa imewahi kumchagua mchezaji mweusi hata mmoja. Mijini kwingine Cooper alikuwa hapokewi kwenye hoteli walizolala wenzake, lakini mlango ulikuwa umefunguka. Celtics walikuwa wamekubali kuangalia mahali ambapo wengine walikuwa wamefumba macho.

Simu ya mwalimu wa zamani

Miaka iliyofuata Celtics walifunga sana na kushindwa sana. Walikuwa na Cousy, walikuwa na Sharman, na walikuwa na Ed Macauley, mchezaji mpole anayependwa na mji mzima. Ikifika mechi za mtoano, mipira yote iliyogonga ringi ilidakwa na wapinzani, na mchezo wa kasi ukafa kwa sababu huwezi kukimbia na mpira usio nao.

Ndipo Bill Reinhart akarudi. Mwalimu yule wa chuo alikuwa ameiona timu ya Chuo Kikuu cha San Francisco, akamwarifu mwanafunzi wake wa zamani kwamba kule kuna kijana anaitwa Bill Russell na afanye kila njia ampate. Russell alikuwa ameipa San Francisco ubingwa wa vyuo mwaka 1955 na akaipa tena 1956. Hata hivyo wengi walikuwa na shaka naye, kwa sababu hakuwa mrushaji mzuri. Wao walihesabu pointi. Reinhart na Auerbach walihesabu mipira aliyodaka, na ile mirusho ambayo wapinzani waliogopa hata kuijaribu akiwa karibu.

Celtics walikuwa nyuma ya foleni. Auerbach akaenda kwa St. Louis Hawks, waliokuwa wa pili, na akawapa Macauley pamoja na Cliff Hagan ili wamwachie nafasi yao. Rochester, waliokuwa wa kwanza, walimchagua mtu mwingine. Mwaka huohuo wa 1956 akapata pia Tom Heinsohn, na katika raundi ya pili akamchagua K.C. Jones, mwenzake Russell wa chuoni. Wachezaji watatu kwa mwaka mmoja, na wote watatu leo wamo katika Ukumbi wa Heshima wa mchezo huo.

Russell alichelewa, kwanza alikwenda Melbourne kuchukua medali ya dhahabu ya Olimpiki, akaingia Boston Desemba 1956. Jambo la kwanza alilofanya Auerbach ni kumwondolea hofu. Alimweleza kwamba hatampima kwa pointi, wala mkataba wake hautajadiliwa kwa pointi. Kazi yake ni kuzuia, kudaka na kuanzisha mbio, hayo mengine yatajileta. Ukisoma kozi ya upimaji na tathmini hapa chuoni utaambiwa kwamba mwanafunzi hujifunza kile anachojua kitapimwa. Auerbach aliligeuza hilo kuwa ubingwa. Aprili 1957 Celtics walichukua kombe lao la kwanza, katika mechi ya saba, baada ya muda wa nyongeza mara mbili, kwa 125 dhidi ya 123. Waliofungwa walikuwa St. Louis Hawks haohao.

Jinsi alivyolea

Kuanzia hapo Celtics wakawa kila mwaka wanasimama nyuma ya foleni. Walichukua ubingwa wa 1957, wakaukosa 1958, kisha wakauchukua mara nane mfululizo, 1959 hadi 1966. Timu inayochagua mwisho kila mwaka inatakiwa izeeke na ife. Hii haikufa, na nadhani sababu zake ni tatu.

Ya kwanza: alikuwa na macho ya watu. Hakuwa na msaidizi, hakuwa na jeshi la watafuta vipaji. Kocha, meneja na mtafutaji alikuwa yeye mwenyewe. Hivyo aliwaamini watu waliowahi kucheza chini yake. Mwaka 1957, akiwa na nafasi ya mwisho ya raundi ya kwanza, alimchagua Sam Jones kutoka chuo kidogo cha weusi huko North Carolina. Auerbach hakuwa amewahi kumwona akicheza. Alitegemea neno la Bones McKinney, mchezaji wake wa zamani wa Washington aliyekuwa anaishi kule. Wengine hawakutuma mtu kwenye vyuo vile. Sam Jones alistaafu na ubingwa mara kumi.

Ya pili: alijua kusubiri. Hapa ndipo wengi wetu tunapofeli, mimi nikiwemo. Sam Jones alikaa nyuma ya Sharman tangu 1957 hadi Sharman alipoondoka 1961. K.C. Jones alichaguliwa 1956, akaenda jeshini miaka miwili, akarudi akakaa nyuma ya Cousy hadi Cousy alipostaafu 1963. Hiyo ni miaka saba tangu siku ya kuchaguliwa. Lakini hawakuwa wamesahauliwa kwenye benchi. Kila siku mazoezini walicheza dhidi ya watu bora kabisa wa nafasi zao, na walipopewa kiti walikuwa wameshaijua kazi. Mzee alifundisha kijana, na kijana alimchosha mzee. Siku Cousy alipoondoka watu walitabiri msiba. Celtics wakachukua tena kombe.

Ya tatu: kila mtu alikuwa na kazi yenye heshima. Auerbach alianza utaratibu wa kumweka mchezaji mmoja wa nguvu nje wakati mechi inaanza, ili aingie wenzake wameanza kuchoka. Frank Ramsey ndiye aliyeifanya kazi hiyo kwanza. Kisha mwaka 1962, tena mwishoni mwa raundi ya kwanza, akaja John Havlicek wa Ohio State, kijana ambaye hata timu moja ya mpira wa Kimarekani ilikuwa inamtaka. Alikimbia bila kuchoka. Alianza kama mtu wa sita, na hakuna aliyemwona kuwa wa chini. Alipostaafu 1978 alikuwa na pointi 26,395, nyingi kuliko za mtu yeyote katika historia ya Celtics. Naye Tom Sanders, aliyekuja 1960, alikuwa mfungaji chuoni akageuzwa kuwa mzuiaji. Aliikubali kazi hiyo na ikampa ubingwa mara nane.

Mbinu zenyewe zilikuwa chache. Timu ilikuwa na mipango ya msingi isiyozidi vidole vya mikono miwili, lakini waliirudia mpaka iingie mifupani, na kambi yake ya mwanzo wa msimu ilikuwa ya kutapisha watu kwa mbio. Halafu hakumtendea kila mtu sawa. Heinsohn alifokewa hata kwa makosa ya wengine kwa sababu aliweza kubeba. Cousy na Russell hakuwafokea mbele za watu, alijua wao hawafundishiki hivyo. Sisi tunaiita tofauti za wanafunzi, tunaiandika kwenye mtihani, tunapata alama, tunaiacha palepale ukumbini.

Desemba 1964 Heinsohn aliumia, na Auerbach akaanzisha Russell, Sam Jones, K.C. Jones, Sanders na Willie Naulls. Kwa mara ya kwanza katika NBA watano wote walioanza walikuwa weusi. Yeye aliwapanga kwa sababu ndio waliokuwa bora. Alipoamua kuacha ukocha mwaka 1966 akamkabidhi Russell kiti, na Russell akawa kocha mkuu wa kwanza mweusi katika ligi hiyo huku akiendelea kucheza. Timu ilichukua tena ubingwa 1968 na 1969.

Sitaki mdhani namwandika malaika. Alifukuzwa uwanjani mara nyingi kwa kuwatukana waamuzi. Kabla ya mechi moja ya fainali za 1957 alimpiga ngumi Ben Kerner, yule bosi wake wa zamani, mbele ya umati, akatozwa faini. Nyumbani napo kulikuwa na gharama. Dorothy na mabinti zao wawili walibaki Washington miaka yote, yeye akiishi hotelini Boston na kula chakula cha Kichina usiku wa manane. Vijana wa watu aliwalea kila siku, wa kwake aliwaona msimu ukiisha. Kuna walimu wengi wa namna hiyo, na watoto wao wanajua.

Ndege na Len Bias

Baada ya 1966 alibaki kuwa meneja, na macho hayakufifia. Mwaka 1970 alimchagua Dave Cowens, senta aliyeonekana mfupi kwa nafasi ile, na Cowens akawa nguzo ya ubingwa wa 1974 na 1976. Mwaka 1978 akafanya jambo ambalo wengine waliliogopa. Huko Indiana State kulikuwa na Larry Bird, kijana mkimya wa mji mdogo wa French Lick, aliyekuwa ameacha chuo kikubwa akiwa mwaka wa kwanza, akarudi kwao kufanya kazi na gari la taka la mji. Kanuni za wakati ule ziliruhusu kumchagua ingawa bado alikuwa na mwaka mmoja wa masomo. Timu tano hazikumgusa. Auerbach, wa sita, akamchukua na akasubiri mwaka mzima. Msimu wa kusubiri Celtics walishinda mechi 29. Bird alipokuja wakashinda 61.

Mwaka 1980 alikuwa na nafasi ya kwanza kabisa. Safari hii hakuitumia. Aliwapa Golden State, pamoja na nafasi nyingine ya chini, akapewa Robert Parish na nafasi ya tatu, na kwa hiyo ya tatu akamchagua Kevin McHale. Bird, Parish na McHale walichukua ubingwa wa 1981, 1984 na 1986. Kwa jumla, akiwa kocha au kiongozi, Auerbach alikuwa na timu hiyo katika vikombe 16.

Halafu ikaja siku niliyoiandika mara tatu na kuifuta. Tarehe 17 Juni 1986, Celtics wakiwa mabingwa na bado wakiwa na nafasi ya pili waliyoipata kwa kubadilishana, walimchagua Len Bias wa Chuo Kikuu cha Maryland. Wengi walimwona kuwa ndiye atakayebeba timu baada ya Bird. Tarehe 19 Juni alikuwa amekufa, kwa dawa za kulevya alizotumia katika bweni la chuo. Alikuwa na miaka 22. Ndiyo miaka yangu, na pengine ndiyo yako wewe unayesoma hapa ukiwa bwenini. Macho ya Auerbach yaliyokuwa yanaona miaka saba mbele hayakuona siku mbili.

Kuchagua si kulea, na kijana ambaye hajafika mikononi mwako bado hujamlea. Sisi Watanzania tuna mfano wetu usio na msiba. Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar es Salaam, alichaguliwa wa pili na Memphis mwaka 2009, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Taifa zima tulishangilia foleni. Kabla ya msimu wa kwanza kuisha alishapelekwa ligi ya chini, na mwaka 2011 akauzwa Houston. Simlaumu yeye wala timu. Nasema tu kwamba siku ya kuitwa jina kazi inakuwa haijaanza, na sisi tunapenda kupiga vigelegele siku hiyo kisha tukaenda kulala.

Auerbach alifariki Washington tarehe 28 Oktoba 2006, akiwa na miaka 89, bado akiwa na cheo cha rais wa Celtics. Zawadi ya kocha bora wa NBA inaitwa kwa jina lake.

Dawati la nyuma

Narudi kwenye shule yangu ya kata, ambayo sitaitaja. Nilipewa Hisabati, kidato cha pili, wanafunzi 74. Wiki ya kwanza nikatoa jaribio, nikachukua kumi na wawili wa juu, nikawaweka mbele. Nilijiambia hao ndio timu yangu. Kwa maneno mengine nilifanya drafti, nikadhani nimefundisha. Binti mmoja aliyepata 19 kati ya 100 nilimpeleka dawati la nyuma kabisa na sikumkumbuka tena.

Wiki ya tano nilifika mapema kabla ya paredi. Nikamkuta yuleyule binti na wenzake watano, kaandika ubaoni swali nililofundisha jana yake, anawaeleza kwa Kiswahili. Alieleza sawasawa. Kwa kweli alieleza vizuri kuliko mimi, maana nilisimama mlangoni nikaelewa kwa nini jana nusu ya darasa walinitazama kama ukuta. Hesabu alikuwa anaijua. Kingereza cha mtihani ndicho kilichompa 19, na mimi nilisoma namba nikaacha kumsoma mtu.

Nilimfanya kiongozi wa kundi, nikavunja ile timu yangu ya mbele, nikachanganya madawati. Zikawa zimebaki wiki tatu, na wiki tatu si miaka saba. Matokeo yake ya kidato cha pili sijayauliza. Namba ya mwalimu wa taaluma ninayo, ila kila nikiishika simu naona aibu.

Orodha ya mwaka huu inabandikwa hivi karibuni, na najua tutasukumana tena. Juzi nilikwenda kwa mratibu wa mazoezi kumwomba anirudishe shule ileile. Alinitazama kwa muda, akaniuliza kama nina ndugu kule. Nikamjibu kwamba kuna mtu wa dawati la nyuma nilimwacha katikati. Akaandika jina langu, akatikisa kichwa, akaita anayefuata.